Gari la Nyumba Uani kwa Susu

Kila asubuhi Kanze aliamka kabla ya baba yake, akafagia chumba chao cha kupanga pale Ukunda, akabandika chai, kisha akaketi kizingitini akisubiri ichemke. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku za shule hazikumlemea, kwa kuwa shuleni kuna kelele. Likizo ndiyo iliyomchosha. Baba yake, Tsofa, alikuwa fundi wa magari. Akishakunywa chai huenda gereji, na hurudi jioni mikono imejaa grisi na maneno yamemwishia huko huko. Walikula kimya. Kilichosikika ni vijiko kugonga sahani, na redio ya jirani.

Mama yake Kanze, Kamene, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Aliugua ghafla. Zahanati ya jirani ilikuwa imepakwa rangi mpya juma lile, ikapendeza kweli, lakini dawa hakuna. Gari la wagonjwa lilikuwapo, limeegeshwa kivulini, nalo halina mafuta. Wakubwa walikuja kulizindua, wakakata utepe, wakapigwa picha, wakaenda zao. Mafuta yalikuwa kazi ya nani? Mpaka leo hakuna aliyejibu.

Baada ya mazishi, ndugu wa Kamene waliuliza kwa nini mgonjwa alicheleweshwa. Tsofa akaona anaitwa muuaji. Akajibu vibaya, nao wakajibu vibaya. Ndivyo tulivyo sisi watu wadogo. Mwenye makosa hasa yuko mbali, ana mlinzi getini, humfikii. Basi mnagombana nyinyi mlio karibu. Tangu siku hiyo Tsofa hakukanyaga tena kwa wakwe zake, huko ndani ya Ramisi, ingawa si mbali. Watu wa Kamene ni Wakamba waliokuja zamani kukata miwa, wakapata mashamba, wakakaa. Kanze alimkumbuka nyanya yake, aliyemwita Susu kama Wakamba wanavyoita, lakini sura yake ilikuwa imeanza kumpotea. Jambo hilo lilimtisha, wala hakumwambia mtu.

Mwezi wa Agosti likaja lile gari. Lilikuwa la Bi Beryl, mama mmoja wa kutoka bara mwenye nyumba za wageni Diani. Lilikuwa gari la nyumba: jeupe, refu, ndani mna vitanda viwili, jiko la gesi, kabati, pazia, na mfereji wa maji. Lilikuwa limekaa bila kutembea muda mrefu, na Tsofa alikuwa amelitengeneza injini.

"Sasa fundi," alisema Bi Beryl, "sitaki stori na wageni. Lizungushe kwanza siku kadhaa, ulale humo, upike humo. Likizima, lizime na wewe."

"Nilizungushe wapi, madam?"

"Popote. Huna watu wewe?"

Tsofa akachukua funguo. Jioni ile, walipokuwa wakila, alisema ghafla, "Tutakwenda kwa nyanya yako."

Kanze aliacha kijiko. "Tutalala huko?"

"Tutalala garini. Mimi ni mkwe, siwezi kulala chini ya paa moja na mama mkwe, unajua hivyo. Zamani nililala kwa majirani. Sasa nakwenda na nyumba yangu, simsumbui mtu."

"Baba, je, nikibaki kwa Susu mpaka shule ifunguliwe?"

"Tutaona," alisema Tsofa. Watoto wote wanajua maana ya "tutaona".

Waliondoka Alhamisi. Kabla ya kuwasha gari, Tsofa alimwonyesha bintiye kazi yake. "Maji ya mfereji huu ni ya kuoshea vyombo tu. Tangi nimelisugua, lakini mabomba ya ndani sijui yana uchafu gani. Ya kunywa utachemsha, yapoe, uyatie kwenye kidumu hiki. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Na kweli alisikia. Lakini fikirini, nyie watoto mnaochota maji kwa foleni. Kule kwao Ukunda mabomba yalizikwa mwaka wa uchaguzi, yakatoa maji siku ya sherehe, yakakauka. Tangu hapo ni kununua kwa mkokoteni. Leo Kanze anafungua mfereji ndani ya gari linalokwenda, na maji yanatoka, meupe, yana baridi! Alikinga kikombe akanywa. Akakinga tena. Kusubiri sufuria ichemke, kisha kusubiri ipoe, kulikuwa na faida gani? Akajaza kidumu hapo hapo mferejini.

"Umechemsha?" baba aliuliza waliposimama Gazi.

"Nimechemsha."

Tsofa akaitikia kwa kichwa, akanywa chai yake. Yeye maji baridi hakuyapenda, alisema yanamuuma meno. Safari nzima alikunywa chai na madafu.

Kutoka Ukunda hadi Ramisi ni mwendo mfupi, lakini Tsofa aliuvuta. Siku ya kwanza walilala Gazi, ya pili Msambweni. Alisema analijaribu gari. Kanze aliona wazi kwamba baba yake anaogopa kufika.

Kulala ndani ya gari lile kulikuwa na upweke wa aina yake. Pale Msambweni watoto walilikimbilia wakipiga kelele, "Wazungu! Wazungu hao!" Mlango ukafunguliwa, akashuka Tsofa na ndoo ya maji machafu.

"Aa!" mtoto mmoja akasema kwa huzuni. "Ni watu tu!"

Wakatawanyika wakicheka. Kanze alitaka kuwaita, acheze nao, lakini wao walikuwa chini na yeye yu juu, nyuma ya kioo na pazia. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza korosho alipita mara mbili bila hata kubisha hodi. Mtu akikaa kwenye nyumba ya kawaida, jirani humpigia hodi. Nani abishe hodi kwenye nyumba ambayo kesho haipo? Kanze akajaza kikombe mferejini, akanywa, akalala.

Jumamosi adhuhuri wakaiacha lami, wakaingia njia ya vumbi katikati ya miwa. Njia hiyo huahidiwa lami kila baada ya miaka mitano, kwa hiyo mashimo yake ni ya kudumu. Gari la nyumba liliyumba kama mlevi, sahani zikalia kabatini. Tsofa aliingia moja kwa moja uani kwa wakwe zake, akazima injini mbele kabisa ya jiko. Kwa jinsi alivyokuwa akiogopa kufika, hakufikiri zaidi ya kusimama.

Mwanamume mwembamba akatoka mbio na jembe mkononi. Alikuwa Kaloki, kaka yake marehemu Kamene.

"Shemeji! Ni wewe?"

"Ni mimi."

Kaloki alilitazama gari, akachungulia mlangoni, akaona kitanda kimetandikwa. Akashika kichwa. "Hee! Shemeji, hiki si chumba chako cha kulala?"

"Ndicho. Nimekuja nacho nisiwasumbue."

"Na umekileta mbele ya jiko la mama mkwe wako! Sasa Mama atapita wapi?"

Tsofa akageuka. Kweli, bibi mmoja mrefu alikuwa ametoka jikoni na mwiko. Alipoliona gari na kitanda kinachoonekana mlangoni, alijifunika leso usoni, akageuka, akazunguka nyuma ya migomba yote ili aingie nyumbani kwake mwenyewe. Heshima ya mkwe na mama mkwe haina mchezo, kwa Wakamba na kwa Waduruma, watu wa Tsofa, sawasawa. Hawali meza moja, hawapeani mkono, na mama mkwe hakanyagi kamwe mahali mkwewe anapolala. Tsofa aliyajua yote hayo. Hakujua tu kwamba nyumba yenye magurudumu nayo ni nyumba.

"Nimeaibika," alisema.

"Umeaibika sana," Kaloki alisema akicheka. "Tangu dunia iumbwe hakuna mkwe aliyefanya hivi. Rudisha nyuma, rudisha! Egesha nje ya ua, kule kwa mikorosho. Angalia kuku!"

Gari likarudishwa nyuma. Hapo ndipo Susu Kathini alipotoka, akatembea moja kwa moja mpaka kwa Kanze.

"Shikamoo, Susu."

Bibi alimshika mashavu kwa mikono yote miwili, akamtazama sana. "Marahaba," alisema mwishowe. "Macho ni ya Kamene. Njoo ule."

Walikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa mbaazi, Susu na Kanze jikoni, Tsofa na Kaloki nje. Susu aliuliza mambo mengi: nani anamsuka nywele, analala saa ngapi, anamwota mama yake au hamwoti. Kanze hakuwa ameulizwa maswali hayo miaka mitatu. Alijibu mpaka sauti ikamkauka.

"Susu, naweza kukaa hapa likizo yote?"

"Mimi nimekataa? Aseme baba yako."

Kabla jua halijapinda sana, tumbo la Kanze likaanza kukata. Alikimbilia chooni mara moja, mara ya pili, kisha akatapika kando ya mikorosho. Tsofa alimbeba, akamlaza garini. Mtoto alikuwa ametoka jasho, midomo imekauka. Tsofa alimtazama, akaona kitanda kingine alichokiona miaka mitatu iliyopita. Hofu ikageuka hasira. Akashuka.

"Mmempa nini mtoto wangu?" alimuuliza Kaloki.

"Muthokoi. Si tumekula sote? Mimi naumwa?"

"Wewe una tumbo la huku kwenu."

"La huku kwetu! Na Kamene alikuwa na tumbo la wapi?"

"Usinitajie Kamene!"

"Ni dada yangu, nitamtaja! Alitoka hapa mzima, shemeji. Mzima!"

"Kwa hiyo mnalipiza kwa mtoto?"

Neno hilo likawa zito hata kuku wakanyamaza. Tsofa alipanda garini, akawasha injini. "Nampeleka hospitali," alisema dirishani. "Na huku hamtatuona tena."

Kanze alifungua macho. Kupitia kioo alimwona Susu akija mbio na kikombe, leso imemwanguka begani. Alifika mlangoni pa gari, akainua mguu kukanyaga ngazi. Kisha akaona kitanda cha mkwewe. Mguu ukabaki juu, ukarudi chini.

"Kanze!" aliita. "Mwanangu, siwezi kuingia humo. Toka uje kwangu!"

Kanze alijua ukweli. Alikuwa anaujua tangu tumbo lilipoanza. Akinyamaza, hakuna atakayemgombeza, kosa litabaki kwa muthokoi. Lakini gari litaondoka, na Susu atabaki pale uani na kikombe chake, akidhani chakula chake kimemuumiza mtoto wa Kamene. Na yeye atarudi kwenye kile chumba chenye vijiko.

Akashuka kitandani, akashika ukuta, akafungua mlango. Alikaa kwenye ngazi.

"Baba, zima."

"Rudi ndani!"

"Baba, si chakula. Ni maji. Sikuyachemsha."

Tsofa alizima injini. "Umesemaje?"

"Yale ya mfereji ndiyo niliyokunywa, tangu Alhamisi. Kidumu nilikijaza hapo hapo. Uliniuliza nikasema nimechemsha. Nilidanganya." Akaanza kulia. "Susu hakufanya kitu."

Tsofa alikaa na mikono kwenye usukani kwa muda. Mtu aliyezoea kuwa na wa kumlaumu, ukimnyang'anya huyo, hajui pa kuweka mikono. Kisha akashuka, akambeba Kanze, akamtoa ndani ya nyumba yake, akampa Kaloki. Kaloki akampeleka kwa mama yake.

Susu hakupoteza muda kwa maneno. Aliweka sufuria motoni, maji yakachemka kwelikweli, mapovu makubwa. Akapima lita moja kwa chupa safi. "Kaloki, tia vijiko vidogo sita vya sukari. Vya kusawazisha, si vya kujaza. Na nusu kijiko cha chumvi. Koroga." Yalipopoa, akamnywesha Kanze kidogo kidogo. Akitapika, wanangoja kidogo, wanaanza tena.

Tsofa alikwenda mbio mpaka zahanati ya pale Ramisi. Ilikuwa imefungwa, maana wakubwa walipoipanga walidhani watu hawaugui Jumamosi. Muuguzi wa zamu hakuwapo. Jirani wa muuguzi akasema muuguzi huyo ni mmoja tu kwa vijiji vitatu. Tsofa akarudi mikono mitupu. Wakakubaliana kwamba jua likizama kabla mtoto hajaanza kukojoa, au macho yakimwingia ndani, wataondoka naye kwenda hospitali ya Msambweni, mashimo au si mashimo. Lakini alasiri Kanze alikojoa, akaomba uji. Susu akasema, "Alhamdu—" kisha akakumbuka yeye ni wa kanisani, akacheka mwenyewe. "Kukaa na Wadigo Waislamu miaka arobaini! Asante Mungu."

Usiku Kanze alilala nyumbani kwa Susu. Tsofa alilala peke yake kwenye gari la vitanda viwili.

Jumapili asubuhi Tsofa alisimama nje ya ua, kofia mkononi, uso ameugeuzia miwa kama inavyompasa mkwe. Susu alikuwa ameketi kibarazani akichambua mbaazi, naye amempa mgongo. Kaloki alisimama katikati.

"Kaloki, mwambie Mama," Tsofa alisema, "nimekosa. Nilisema neno ambalo hata mlevi hasemi."

"Mama, anasema amekosa."

"Nimesikia. Si kiziwi. Muulize, siku ile ya Kamene, kwa nini alimchelewesha."

Kaloki hakuhitaji kurudia. Tsofa aliikunja kofia. "Mwambie sikumchelewesha. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani. Gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Nilisimamisha magari ishirini. La ishirini na moja lilisimama, lakini moyo wa Kamene ulikuwa umeshasimama." Akapangusa uso kwa kofia. "Hamkuniuliza hivyo siku ile. Mliniuliza kama polisi."

Mbaazi zilimponyoka Susu. Alizitazama zikibiringika kibarazani. Kisha akasema mwenyewe, bila kupitisha kwa Kaloki, na bila kugeuka, "Mwanangu, pole. Tulikuwa tunatafuta wa kumshika. Wewe ndiye uliyekuwa karibu."

"Na mimi pia nilikuwa namtafuta wa kumshika, Mama."

Basi. Hawakukumbatiana, maana haiwezekani. Kaloki ndiye aliyejifuta macho, akisingizia moshi.

Jumatatu gari lilitakiwa Diani. Tsofa alimwita Kanze kando. "Utabaki mpaka shule ifunguliwe," alisema. "Mtii Susu wako." Akampigapiga kichwani, akapanda.

Gari la nyumba likaondoka katikati ya miwa, refu, jeupe, na mtu mmoja tu ndani yake. Kanze alilitazama mpaka likabaki vumbi. Akalia, safari hii si kwa ajili ya tumbo.

"Atakula na nani, Susu?"

"Leo atakula peke yake," Susu alisema. "Desemba atakula hapa. Nimemwambia Kaloki ajenge kibanda nje ya ua, mkwe wangu awe na pa kulala bila kuja na nyumba." Akamvuta karibu, wakaketi. "Sasa nisikilize, maana juzi ulikuwa mgonjwa na mgonjwa hasomeshwi. Maji machafu hayana harufu wala rangi, mwanangu. Hung'aa kama maji mazuri. Ndiyo maana tunachemsha hata tusipoona kitu. Na uongo mdogo ni hivyo hivyo. Ulisema 'nimechemsha', ukaona hakuna kilichotokea. Siku ya tatu ulikuwa karibu kutuua sote: wewe kwa tumbo, sisi kwa chuki."

"Niliogopa, Susu."

"Kila anayesema kweli huogopa kwanza. Hata wakubwa wale waliotuachia gari bila mafuta waliogopa kusema, 'Hatukununua.' Walisema kila kitu kiko tayari. Wewe una miaka kumi na miwili, umekaa kwenye ngazi na tumbo linakata, ukasema, 'Ni mimi.' Ukiwa mkubwa, usije ukasahau jinsi ya kulisema neno hilo."

Kisha akainuka, akamwonyesha mahali sufuria ya kuchemshia maji inapokaa.